Nusu Yako ya Baiskeli

Mtani wangu Maganga,

Ungekuwepo ungeanza kucheka hapa hapa, kabla sijafika mstari wa pili. Mzaramo ameshika penseli! Haya, cheka. Nimekaa barazani kwangu Gerezani, makaa ya leo yameisha yote, mikono nimenawa kwa sabuni na bado karatasi imeanza kupata madoa. Mpangaji mwenzangu amepita akauliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia Mnyamwezi mmoja mkaidi aliyehama bila kuaga.

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwa miongoni mwa waliokushusha kaburini, na udongo wa siku ile ulikuwa umelowa mvua mpaka miguu yetu ikawa inazama. Nataka kukupa hali ya huku. Tangu uondoke nimekuwa nikikusimulia mambo kimoyomoyo huku naendesha, hasa nikitoka Buguruni na magunia nyuma, lakini kuna jambo moja ambalo si la kusimulia njiani. Ni habari ya nusu yako ya baiskeli. Kwa sababu ya nusu hiyo nilikaribia kumfukuzisha mkeo mjini, Maganga, na sikuwa na nia mbaya hata chembe.

Niache nianze mbali kidogo, kwa ajili ya Kalunde. Bintiyo bado hajui kusoma, lakini atajua, na siku akiikuta barua hii nataka aelewe bila kuulizauliza watu.

Ajue kwamba watu wawili wanaweza kuwa na baiskeli moja wasigombane, au wagombane kila siku bila kuachana, kama sisi. Asubuhi ilikuwa yako. Ulikuwa unatoka Ilala alfajiri, unapakia mikate kwenye tanuri kule Kariakoo, unaizungusha majumbani na kwenye vibanda vya chai mpaka sanduku linabaki na makombo. Adhuhuri tulikutana kwenye baraza la muuza vitambaa, ukanikabidhi, ukarudi nyumbani kwa miguu. Mchana mpaka magharibi ilikuwa yangu, mimi na makaa yangu. Jioni niliileta kwako ikalale, maana chumba changu tumebanana wanaume watupu, na chako kilikuwa na nafasi kati ya kitanda na ukuta. Nyamizi alikuwa anasema ameolewa na mume mmoja lakini chumbani wanalala wawili, na yule wa pili anatoa harufu ya grisi.

Na kila adhuhuri, hata kabla ya salamu, spana ilikuwa imeshatoka mfukoni. Wewe mrefu, mimi Mungu alinikatia kitambaa kifupi. Ulikuwa unashusha kiti mwenyewe huku unauliza mbele ya watu kama nimepungua tangu jana. Jioni nilikuwa nakipandisha mimi, nakuuliza mtu mwenye miguu mirefu namna ile anataka baiskeli ya nini.

Unakumbuka mkate wa yule mama wa Mtaa wa Sikukuu? Uliokutwa ubavuni na vidole vyangu vyeusi, vyote, mpaka kidole gumba? Ulikuja nao barazani kama askari aliyeshika ushahidi, ukauweka juu ya kiganja changu, ukawaita watu waangalie kama haukai sawasawa. Wenye maduka walicheka mpaka wakasahau wateja. Kesho yake ulikuja na ubao wa pili wa keria. Mmoja wa mikate, mmoja wa makaa, tunafunga na kufungua kwa mipira ya tyubu kuukuu. Sikukuambia wakati ule, lakini niliona umefanya jambo la akili.

Mawaidha ndiyo yalikuwa yananichosha. Hakuna mtu aliyekuwa na mawaidha ya baiskeli kama wewe, wala hukuwa unangoja kuulizwa. Nilipaka mnyororo mafuta ya nazi siku moja tu, na kwa muda wote wa urafiki wetu nimesikia kwamba mafuta ya nazi ni ya kichwa na wali, si ya mnyororo, yanakusanya vumbi lote la Kariakoo. Usijaze upepo mpaka tairi liwe gumu kama jiwe halafu ukaiache baiskeli juani, itakupigia bunduki. Kiraka kinataka subira, paka gundi, kaa, zungumza na mwenzio, ikikauka ndipo ubandike; anayebandika ikiwa mbichi atabandika tena njiani. Baiskeli ikianza kulia isikilize kwanza, usikimbilie spana, maana nusu ya vilio vyake ni madigadi tu yamelegea. Usimwazime mtu baiskeli asubuhi ya Idi hata akiwa mjomba wako.

Na ya nyumbani pia ulikuwa nayo. Mke akipanda kwenye keria akae upande, khanga aikunje na kuibana chini ya paja, isiingie kwenye spoki, na mume asitie mbwembwe kwenye kona. Usimpakie mke mkiwa mmegombana, kwa sababu atakaa mbali na mgongo wako na baiskeli itayumba. Hilo la mwisho ulilisema mbele ya Nyamizi mwenyewe, naye akajibu kwamba mtu anayejua hivyo ndiye angeacha ugomvi. Mimi ambaye sijaoa nilikuwa nasikiliza tu, natia akibani.

Sasa nimejikuta nasema maneno hayo hayo. Juzi nilimwona mtu Mtaa wa Kongo anapaka mnyororo mafuta ya nazi, nikasimama. Nikaanza: mafuta ya nazi ni ya kichwa. Sikuweza kumaliza, Maganga. Yule bwana alinitazama, akadhani nina wazimu, na mimi nikaondoka nasukuma kwa miguu mpaka sokoni.

Ulipoanza kukohoa wakati wa masika ulisema ni mafua ya mvua. Ulitoka na mikate siku ile umejifunika gunia mabegani, ukarudi unatetemeka. Nyamizi akakukanda kifua, akakupa chai ya tangawizi, kikohozi kikashuka kikawa kichomi. Siku tuliyokupeleka hospitali nilikupakia kwenye keria, nikakufunga kwa khanga ya mkeo ili usianguke, na kichwa chako kikanilalia mgongoni. Kutoka Ilala mpaka kule niligonga mashimo, nilikata kona vibaya, nilipiga breki hovyo. Hukuniambia neno. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

Wakakulaza, wakajitahidi, na Mungu akakuchukua.

Sasa jambo lenyewe. Kalunde, ukiisoma hapa, elewa kwamba kwetu Wazaramo na ninyi Wanyamwezi msiba hauendi bila mtani. Ndugu wanalia, hiyo ni haki yao. Mtani kazi yake ni kuwachekesha. Atamwigiza marehemu, atawatukana wafiwa, atanyakua kitu cha marehemu na kukatalia nacho mpaka ndugu wakikomboe. Wakitoa kuku, au shilingi, au hata konzi ya unga, basi, kitu kinarudi na utani umetimia. Ila mtani hatakiwi kulia. Wakati wote huo, mpaka ukombozi utoke, mtani akilia ameuharibu msiba.

Tuliporudi makaburini watu walikaa barazani kwako wameinamisha vichwa, na matone yanadondoka kwenye makuti. Mzee Kasanda, yule mkubwa wa Wanyamwezi wa Kariakoo, aliniangalia kwa muda, akasema, "Mtani wa marehemu amelala?" Moyo wangu ulikuwa umekauka, Maganga. Nilitaka kulala pale chini kwenye tope, nifunikwe gunia, niachwe. Lakini nilijua ungesema nini: Mzaramo hata kazi ya kupiga domo imemshinda.

Nikaingia ndani ukumbini, nikaitoa baiskeli. Kiti kilikuwa juu, kama nilivyokuwa nakupandishia kila jioni. Nikapanda hivyo hivyo, vidole vya miguu vinatafuta pedeli, nikapiga kengele mbele ya wafiwa. Nikapaza sauti: "Mnyamwezi kafa, baiskeli sasa yote yangu! Mikate bebeni kichwani kama babu zenu wapagazi!" Nikaigiza unavyoendesha, shingo mbele, magoti nje kama panzi. Watu wakacheka. Wallahi walicheka. Ndani nikasikia kina mama wanacheka na kulia kwa pamoja, na sauti ya Nyamizi ilikuwemo. Nikaizunguka nyumba, nikarudi, nikasimama mbele ya baraza, nikasema haya, leteni cha kukombolea.

Hakusimama mtu.

Nikarudia. Watu wakatazamana. Ndipo akili ikanirudia nikaelewa nilichokifanya. Ndugu zako wote wako Tabora, simu ya upepo ndiyo kwanza imetumwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika. Mzee Kasanda ni Mnyamwezi lakini si wa ukoo wenu. Nyamizi alikuwa ameshaingia eda, na mjane wa eda hatoki kwenye baraza la wanaume kukomboa kitu. Mtani mwenye akili zake huwaangalia kwanza wafiwa, akamwona kaka, akamwona baba mdogo, ndipo anyakue. Mimi nilinyakua kitu ambacho hakikuwa na mkombozi. Nilikuwa na haraka ya kukufanyia utani kabla sijaanza kulia.

Kesho yake niliirudisha asubuhi kimya kimya, nikaiegemeza ukutani kwako. Mzee Kasanda alikuwa hapo anakunywa kahawa. Akaniambia niichukue. Akasema kitu cha utani hakirudishwi bila kukombolewa, na nikikirudisha hivi hivi nimeukana utani, ni sawa na kusema mbele ya watu kwamba Maganga hakuwa mtani wangu. Nikamwambia nusu ni yangu tangu zamani, nusu tu ndiyo nimeinyakua. Akasema basi hiyo nusu ngoja nayo ndugu waje. Nikaondoka nayo. Tangu siku ile ililala kwangu, tukaipachika juu ya vichwa vyetu kwenye misumari, na asubuhi sikuipanda. Ilikaa tu. Nilikuwa naamka naitazama inakaa.

Nduguyo Luhende alifika kwa gari moshi kwa ajili ya arobaini. Niliposimama kumpokea stesheni nilishtuka, maana alishuka ule urefu wako, na shingo yako, na suti asiyoizoea. Ni mtu mwema, sitamsema vibaya. Ila hacheki. Nilimweleza habari ya baiskeli njia nzima, nikamwambia anikomboe hata kwa kijiti cha kiberiti, yaishe. Alisikiliza mpaka tukafika Ilala. Baada ya kisomo akasema mbele ya wazee: "Mtani kachukua, mtani kala. Sisi hatukomboi."

Nilidhani ananikasirikia. Kumbe alikuwa na lake. Alisema mji huu hauna ndugu, una majirani tu, na mjane na mtoto hawawezi kuishi kwa majirani. Eda ikiisha atakuja kumchukua Nyamizi na Kalunde waende Tabora, kuna shamba, kuna nyumba ya wazee. Baiskeli ikibaki kwangu, Nyamizi hana kinachomshikilia hapa. Kwake yeye lilikuwa ni jambo la huruma, na aliporudi kwao aliondoka ameridhika.

Lakini hakumuuliza Nyamizi. Nilimuuliza mimi. Nilisimama nje ya dirisha lake, uso nimeugeuzia barabarani kama inavyopasa, nikasema shemeji, unataka kwenda? Nikasikia anasogea dirishani. Kisha akasema, "Tabora ni kwetu, nitafika na nitapokelewa. Lakini Ijumaa nitakwenda kumzuru nani? Aliyenileta mji huu amelala hapa."

Akaniambia na mipango yake, ambayo inaonyesha alikuwa ameishi na wewe muda mrefu. Athumani, yule jirani yenu wa chumba cha pili, anaweza kuchukua kazi yako ya mikate. Mwenye tanuri amekubali kumngoja. Anachokosa ni baiskeli tu. Akiikodi asubuhi kutoka kwa Nyamizi, Nyamizi atalipia chumba, na vitumbua vyake vitamlisha yeye na Kalunde. Asubuhi yako ilitosha kuwashika mjini. Na asubuhi yako ilikuwa imening'inia kwenye misumari yangu, Gerezani.

Nikasema jambo rahisi: nitamkodisha Athumani mimi, fedha nakuletea wewe. Alinijibu upesi, nikajua alishaliwaza na kulikataa. "Ukinipa wewe, shemeji, ni sadaka. Ikiwa yangu ni riziki. Na Luhende akisikia mke wa nduguye analishwa na mtani, atakuja kunichukua kesho, na atakuwa na haki."

Basi nikabaki na njia moja, kuwa mtani mbaya kuliko watani wote waliopata kutokea Uzaramo. Kila nikipita Ilala na makaa nilisimama mbele ya nyumba yako nikapiga kengele. Nikawatukana Wanyamwezi wote, hai na maiti. Nikauliza kama ukoo mzima umekosa hata kuku mwenye kideri wa kuikombolea baiskeli. Nilikuwa natumaini labda atatokea binamu, atapita mtu wa ukoo wenu kutoka bandarini, atachoka kusikia aibu, atatupa chochote. Hakutokea mtu. Majirani walioanza kwa kucheka wakaacha kucheka. Mama mmoja aliniambia niwe na haya, watu wana msiba. Nikampigia kengele na yeye. Halafu nilikuwa nafika kona ya mtaa, nashuka, najifanya nakaza mnyororo, uso nimeuinamisha.

Sikulia, Maganga. Ujue hilo. Watu wa Gerezani walisema Kibwana hana moyo, rafiki yake kafa na yeye anazunguka na matusi. Niliwaacha waseme. Utani ulikuwa bado uko wazi na mimi nilikuwa zamu.

Eda ikaisha. Luhende akarudi na gari moshi, na safari hii alileta mzigo, mfuko wa michembe. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwakatwa na kuanikwa, chakula cha safari chenu ambacho mtu wa pwani akikitafuna anadhani ametafuna kandambili. Alisema mama yenu ameviandaa mwenyewe, Nyamizi ale ajue kwao wanamngoja. Sanduku la Nyamizi lilifungwa kamba. Kitanda kikapata mnunuzi. Kalunde akavikwa viatu tangu asubuhi, akakaa navyo mlangoni, hachezi asije akavichafua.

Nilifika nimepanda baiskeli. Watu walikuwa wengi, majirani wamekuja kuaga, Mzee Kasanda yumo. Nikaiingiza baiskeli mpaka mlangoni kabisa, nikakaa juu yake, mguu mmoja kizingitini, nikaziba njia. Nikasema hatoki mtu. Nikasema ninyi Wanyamwezi mnakimbia na deni la utani, mnataka kupanda gari moshi kimya kimya, mtani wenu amekalia roho ya ndugu yenu tangu masika na hamna hata aibu. Luhende alikuja akasimama mbele yangu. Akasema kwa upole, "Kibwana, inatosha. Tupishe. Iwe yako." Alivyosema iwe yako nilihisi kama nimechapwa. Nikapiga kengele usoni kwake. Nilikuwa sina matusi mengine, yote nilishayatumia, nikawa nakipiga tu kile kikengele, na kila mtu anaona.

Ndipo Nyamizi akatoka.

Nilikuwa sijamwona uso tangu siku ile ya hospitali. Amekonda, Maganga. Amevaa khanga mpya ya kutokea eda. Alipita pembeni ya Luhende, mkononi ana konzi ya michembe aliyoichota kwenye mfuko. Akaja mpaka kwenye usukani. Akanimwagia ile michembe kifuani, ikadondokea mapajani na chini, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia: "Shika, Mzaramo. Kula ukombozi wako, vunja meno, ushuke kwenye baiskeli ya mume wangu."

Luhende alifungua mdomo. Mzee Kasanda akamwahi, akamuuliza, "Michembe hii imetoka wapi?" Luhende akasema imetoka nyumbani. Nani kaiandaa? Mama. Nani kaileta? Mimi. Mzee akasema basi hayo ndiyo maswali, na majibu umeyatoa mwenyewe: kitu cha ukoo, kutoka mkono wa mama wa marehemu, kimeletwa na ndugu wa marehemu, kimetolewa na mjane aliyemaliza eda. Nusu imekombolewa. Ni ya Nyamizi na mtoto wake, na mtani ameshuhudia.

Luhende alinitazama mimi, michembe imenijaa mapajani. Akamtazama shemeji yake. Halafu akacheka. Ana kicheko chako, yule mtu, kile cha kuanzia puani. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, akasema amebeba mfuko huo siku mbili kwenye gari moshi, begani, kwa mikono yake mwenyewe. Akamwambia Kalunde avue viatu akacheze.

Mimi nilishuka. Nikaitoa spana mfukoni, sijui kwa nini, nikaitazama, nikairudisha. Nikamkabidhi Nyamizi usukani. Alinishika mkono, mbele ya wote, akasema polepole, kwa sauti ya kawaida, "Kazi yako imekwisha, shemeji. Sasa lia."

Nikakaa chini pale mlangoni kwako, juu ya michembe, nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Nililia ya hospitali na ya makaburini na ya kila kona niliyojifanya nakaza mnyororo. Hakuna aliyenizuia. Yule mama aliyeniambia niwe na haya ndiye aliyeniletea maji.

Jioni ile Luhende aliomba nimpeleke kaburini. Nilimpakia kwenye keria, miguu yake inaburuta chini pande zote mbili, watoto wakatukimbilia mtaa mzima. Tulikusomea, tukang'oa majani, tukakaa kidogo. Wakati wa kurudi, kabla hajapanda, aliinama akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema halina upepo wa kutosha kubeba watu wawili. Nilitoa pampu nikajaza. Amesafiri peke yake, na amesema atakuja tena baada ya mavuno, kutembea tu.

Hivyo ndivyo ilivyo, mtani. Kitanda kimerudishwa na aliyekinunua, baada ya maneno mawili matatu. Sanduku limefunguliwa kamba. Baiskeli inalala Ilala, kati ya kitanda na ukuta. Athumani ameanza na mikate, anaogopa magari ya mizigo na anapiga kengele hata kwa kuku, lakini anajifunza. Nimeshamwambia habari ya gundi ya kiraka. Nimeshamwambia kuhusu jua. Nikimaliza kumwambia anasema ndiyo kaka, na mimi nageuka upande mwingine.

Nakuaga hapa, karatasi inakwisha na mwanga unapungua. Kabla ya siku ile ya michembe nilikuwa na kitu chako mikononi, nilikuwa na sababu ya kukutukana kila siku, na mtu ukimtukana kila siku hajaondoka sawasawa. Sasa umekombolewa. Nakuacha, Maganga, na inaniuma kukuacha kuliko ilivyoniuma kukuzika.

Ahadi yangu ni hii. Asubuhi ni zako na mkeo na mtoto wako, na mtu atakayetaka kuzigusa atapita kwangu kwanza. Mimi nitaendelea kungoja adhuhuri, pale pale barazani kwa muuza vitambaa, na nitaipokea baiskeli kwa mikono miwili, hata kama atakayeileta hatakuwa wewe.

Lala salama, Mnyamwezi.

Mtani wako,
Kibwana